Sikio Linalomnyima Mtu Usingizi: Mhadhara kuhusu maambukizi makali ya sikio la nje kwa wenye kisukari



Nimeombwa nizungumzie masikio ya watu wenye kisukari. Ni uwanja mpana, nami nimeamua kubaki na ugonjwa mmoja tu. Hauonekani kila siku. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao, au akutane nao asiutambue, na hili la pili ndilo linalonitia hofu. Unaanzia kwenye ngozi ya mfereji wa sikio, pale pale ambapo watu wengi hupata muwasho na vipele wakapona kwa wiki moja ya matone. Kwa mwenye kisukari, hasa aliyevuka miaka 60, maambukizi hayo hayo yanaweza kupenya ngozi, yakafika kwenye mfupa wa fuvu, yakalemaza neva za uso na koo, na yakamuua.

Neno langu kubwa leo ni kwamba maumivu yaaminiwe. Mwenye kisukari akisema sikio linamnyima usingizi, kauli yake ina uzito kuliko tunachokiona kwa tochi, kwa sababu ugonjwa huu huumiza kuliko unavyoonekana. Makosa karibu yote ninayoyajua katika kuushughulikia yametokana na mtu kutazama sikio, kuona uwekundu kidogo na usaha kidogo, kisha akahukumu kwa macho.

Tuanze na sikio lenyewe. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takribani sentimita 2.5. Theluthi ya nje imezungukwa na gegedu, na ndiyo maana ukilivuta sikio linakufuata. Theluthi mbili za ndani zimo ndani ya mfupa wa panja, na huko ngozi ni nyembamba mno, imelala juu ya mfupa karibu bila chochote katikati. Kwenye sehemu ya gegedu kuna nyufa ndogo za kuzaliwa nazo, ambazo vitabu vinaziita kwa jina la Santorini, mwanaanatomia wa Venice aliyefariki mwaka 1737. Kwa mtu mwenye afya nyufa hizo hazina madhara. Maambukizi yakiwa makali, ndizo njia za usaha kutoka kwenye mfereji na kushuka hadi chini ya fuvu.

Mwenyezi Mungu ameuwekea mfereji huo ulinzi wake. Nta ina mafuta, kwa hiyo maji hayaloweshi ngozi kirahisi, na ina tindikali kiasi, hali ambayo vijidudu vingi haviipendi. Ngozi nayo husogea polepole kutoka ndani kwenda nje ikiibeba nta na vumbi, hata sikio likajisafisha lenyewe bila kuingizwa kitu. Sasa mtazameni mwenye kisukari. Vipimo vimeonyesha kwamba nta yake huwa na tindikali pungufu. Kuta za mishipa yake midogo ya damu zimekuwa nene na njia ya ndani imekuwa nyembamba, kwa hiyo damu inayofika kwenye ngozi ya mfereji ni haba, na dawa inayobebwa na damu hiyo ni haba pia. Chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kukimbilia penye vijidudu na kuvimeza, huwa nzito sukari inapokuwa juu. Ngozi hiyo ikikwaruzwa na kijiti cha pamba, ufunguo, unyoya wa kuku au njiti ya kiberiti, kidonda kinachobaki hakina wa kukilinda.

Hapa pwani tunaongezewa joto na unyevu. Ngozi ya mfereji iliyolowa muda mrefu hulainika na kuchubuka, na bakteria mkuu wa ugonjwa huu hupenda sana mahali penye maji. Jina lake ni Pseudomonas aeruginosa. Mfamasia wa Kifaransa, Carle Gessard, alimtenga mwaka 1882 kutoka kwenye bandeji zilizopata rangi ya kijani na buluu, na hadi leo usaha wake huweza kuwa na rangi hiyo na harufu tamutamu isiyopendeza. Anaishi kwenye mabomba, matangi, masinki na maji yaliyotuama. Ndiye anayepatikana kwa wagonjwa walio wengi wa maambukizi haya.

Kuna jambo moja ambalo sisi watoa huduma tunapaswa kulisikiliza kwa makini. Katika ripoti za kitabibu, baadhi ya wagonjwa walianza kuumwa muda mfupi baada ya kusafishwa nta kwa kupigwa maji masikioni, tena mikononi mwa wataalamu. Maji ya bomba yalimpeleka bakteria ndani, msukumo wa maji ukachubua ngozi, na unyevu ukabaki. Mwenye kisukari mwenye nta iliyoziba asipigwe maji kama mtu mwingine yeyote. Nta yake itolewe kwa kifaa cha kufyonza au kwa kijiko chake maalumu, mtoaji akiwa anaona anachokifanya. Hilo likishindikana, ilainishwe kwa matone na mgonjwa apewe rufaa.

Na tusidhani wenye kisukari ni wachache. Utafiti wa vijijini Tanzania uliofanywa na Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, ukachapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani 9 katika 100. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika kusini mwa Sahara ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajui kama wanao. Kwa hiyo mtu wa makamo anayekuja na sikio linalomnyima usingizi apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata akisema hajawahi kuambiwa ana kisukari. Huenda sikio ndilo lililotangulia kutoa habari.

Chukueni mzee wa miaka 70 katika mji wowote wa mwambao. Amekuwa akinywa vidonge vya sukari kwa miaka kumi na kitu. Sikio la kulia lilianza kuwasha, akalikuna. Wiki ya kwanza amekwenda duka la dawa akapewa matone. Wiki ya pili, matone mengine na amoksilini. Wiki ya tatu maumivu yameshuka hadi kwenye kiungo cha taya, mtu akamwambia ni jino, na jino limeng'olewa. Wiki ya tano amepigwa sindano za seftriaksoni kwa siku tano. Sasa yuko mbele yako kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kiganja kimefunika shavu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikio linauma zaidi wakati gani?"

"Usiku. Mchana nikijishughulisha nasahau kidogo. Nikilaza kichwa panachimba mpaka adhana ya alfajiri."

"Na kutafuna?"

"Mkate wa mofa nimeuacha. Naletewa uji."

Katika majibu hayo mawili ugonjwa umeshajieleza. Maumivu ya usiku yasiyokubali dawa za kawaida, na maumivu ya kutafuna kwa sababu kiungo cha taya kiko mbele tu ya mfereji wa sikio. Sasa mwombe ruhusa, livute sikio juu na nyuma, uingize kifaa chenye taa. Mara nyingi ngoma ya sikio utaikuta nzima. Usaha ni kidogo, umeganda kwenye kuta. Usiridhike. Fyonza usaha taratibu, kisha tazama sakafu ya mfereji, pale gegedu linapokutana na mfupa. Hapo ndipo hukaa kinyama chekundu, chenye unyevunyevu, wakati mwingine kikubwa kama punje ya mtama, kinachovuja damu ukikigusa. Kwa mwenye kisukari mwenye maumivu ya namna hiyo, kinyama hicho ni dalili ya hatari, na mwenye kukiona asimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani na chupa nyingine ya matone.

Chini ya ngozi, mfupa unaliwa kama mchwa wanavyokula boriti: juu pamenyooka, ndani pamekwisha. Maambukizi yanafuata sakafu ya fuvu, na huko chini ndiko zinakotokea neva muhimu, kila moja kwenye tundu lake. Neva ya uso ndiyo iliyo karibu zaidi, kwa hiyo huwa ya kwanza kudhurika. Mdomo unalegea upande wa sikio linaloumwa, jicho la upande huo halifumbi. Nyumbani watasema ni kiharusi, au ni upepo mbaya, na siku zitapita katika kushughulikia hayo. Kuna alama ya kutofautisha. Mwenye kiharusi mara nyingi bado anaweza kukunja paji la uso pande zote mbili. Aliyeharibikiwa neva ya uso yenyewe hawezi kukunja paji upande ulioathirika, na jicho linabaki wazi. Uso ukipinda kwa mtu mwenye kisukari, muulizeni kuhusu sikio. Jicho nalo lisisahauliwe: likibaki wazi linakauka na kupata kidonda, kwa hiyo liwekwe malhamu na lifungwe kwa plasta usiku.

Ugonjwa ukisogea mbele zaidi, zinafuata neva za koo, za sauti, za bega na za ulimi. Maji yanampalia, sauti inakwama, bega linashuka. Ukivuka hapo unaweza kuziba mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye ubongo, au kufika kwenye utando wa ubongo. Sielezi haya ili kutisha. Nataka ieleweke kwamba kati ya muwasho wa kwanza na uso kupinda kwa kawaida kuna wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo nafasi yetu.

Historia inatuonyesha nafasi hiyo ina thamani gani. Mfaransa Toulmouche alieleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1838. Meltzer na Kelemen waliandika kuhusu mfupa wa panja ulioambukizwa na bakteria huyu wa usaha wa buluu mwaka 1959. Aliyeufanya ugonjwa ujulikane kwa upana ni James Chandler, daktari wa Miami, aliyetoa taarifa ya wagonjwa 13 mwaka 1968. Karibu nusu yao walifariki. Wakati ule tegemeo lilikuwa upasuaji mkubwa wa kufukua mfupa, pamoja na sindano nzito zilizoumiza figo na sikio la ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja siprofloksasini, dawa inayomezwa, inayoingia kwenye mfupa vizuri na inayomuua Pseudomonas. Tangu hapo vifo vimepungua sana, na wagonjwa wengi wakawa wanatibiwa bila kulazwa miezi mitatu. Lakini dawa hiyo tumeitumia hovyo, kwa mafua, kwa homa isiyopimwa, kwa tumbo la siku moja, na sasa nchi baada ya nchi zinaripoti Pseudomonas wa sikio asiyeisikia tena. Ninaposema duka la dawa lisiuze sipro bila cheti, ninamfikiria mzee huyu ambaye siku moja ataihitaji iokoe fuvu lake.

Mmeona pia kwa nini dawa alizopewa mwanzo hazikumfaa. Amoksilini haimuui Pseudomonas, hata ile iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Seftriaksoni, ambayo katika hospitali zetu imekuwa sindano ya kila jambo, nayo haimwezi. Ndugu yake seftazidimu anamweza. Majina yanafanana, kazi ni tofauti, na hili ningependa kila mwanafunzi hapa aliandike.

Kuhusu vipimo, sitaki mtu wa hospitali ya wilaya akate tamaa kwa kuwa hana mashine kubwa. Cha kwanza ni usaha. Uchukuliwe kutoka ndani kabisa kwa pamba ya maabara, kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, upelekwe ukaoteshwe ili tumjue bakteria na dawa inayomuua. Mgonjwa akiwa tayari anatumia dawa na hali yake inaruhusu, daktari anaweza kuzisimamisha kwa muda ili jibu lipatikane. Cha pili ni kipimo cha kale na cha bei nafuu, kile cha kupima kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu kwenye mrija, ambacho maabara zote zinakiita ESR. Katika maambukizi ya kawaida ya mfereji wa sikio ESR huwa haipandi sana. Katika ugonjwa huu hupanda mno, mara nyingi kupita milimita 50 kwa saa, na 100 si ajabu. Kwa mrija wa kioo na saa ya ukutani unaweza kutofautisha ngozi iliyovimba na mfupa unaooza. Kipimo hicho hicho kitarudiwa kila wiki mbili au tatu kuonyesha kama tunashinda.

Cha tatu ni kipande cha kile kinyama. Kikatwe, kipelekwe kwa mtaalamu wa maradhi ya tishu. Saratani ya ngozi ya mfereji wa sikio inaweza kuwa na sura ile ile na maumivu yale yale, na hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha. Pia kinyama hicho kinaweza kuonyesha fangasi, hasa Aspergillus, ambaye huwapata zaidi watu wenye kinga iliyoshuka kwa sababu ya virusi vya UKIMWI au dawa za saratani, na humpata mwenye kisukari pia. Fangasi ana dawa zake, na mgonjwa aliyetibiwa wiki nyingi kwa antibiotiki bila nafuu lazima atafutwe fangasi.

Picha ya CT huonyesha mfupa ulioliwa, ila mfupa unapaswa kupoteza takribani theluthi ya madini yake kabla picha haijabadilika. Picha safi katika wiki za mwanzo haimaanishi mfupa ni salama. MRI huonyesha vizuri zaidi nyama laini chini ya fuvu na utando wa ubongo. Zipo pia picha za kutumia dawa za mionzi, zinazong'amua mfupa ulioambukizwa mapema, lakini zinapatikana mahali pachache. Mgonjwa mwenye maumivu, kinyama, sukari ya juu na ESR ya juu aanze kutibiwa wakati akisubiri picha.

Matibabu yana nguzo tatu, na watu huishika moja wakaziacha mbili.

Antibiotiki ni ya kwanza. Mtu mzima mwenye figo nzima na bakteria anayesikia dawa kwa kawaida hupewa siprofloksasini miligramu 750 mara mbili kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Linganisheni na miligramu 500 za siku tano zinazouzwa kaunta. Mwenye hali mbaya, aliyelemaa neva au mwenye bakteria sugu hulazwa na kupewa sindano za mshipani kama seftazidimu au piperasilini na tazobaktamu, kufuatana na majibu ya maabara. Jentamaisini inamuua bakteria huyu, lakini inaharibu figo na sikio la ndani, na mwenye kisukari huenda figo zake zimeshachoka. Matone ya sikio yana nafasi yake mwanzoni, kisha yanaweza hata kuvuruga majibu ya usaha. Peke yake hayawezi kufika kwenye mfupa.

Naingia kwenye mambo ya nyumbani ambayo hayaandikwi kwenye cheti. Siprofloksasini hushikamana na madini ya kalsiamu na chuma, ikapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Chai ya maziwa, maziwa ya mtindi, vidonge vya damu na dawa za kiungulia vyote vinaipunguza nguvu. Wazee wetu humeza dawa na chai ya maziwa asubuhi, na wana nia njema kabisa. Meza kwa maji matupu. Maziwa yakae mbali kwa saa mbili, vidonge vya chuma na dawa za kiungulia vikae mbali zaidi, saa sita ikiwezekana. Dawa hii pia inaweza kushusha sukari ghafla kwa mtu anayetumia vidonge vya sukari vya glibenklamidi au dawa za jamii yake. Familia iijue hali hiyo: jasho la baridi, kutetemeka, maneno kuvurugika. Apewe kitu chenye sukari mara moja, kisha apimwe. Na maumivu mapya nyuma ya kisigino yasipuuzwe, kwa kuwa dawa hii inaweza kuudhuru ukano mkubwa wa mguu hadi ukakatika, hasa kwa aliyepita miaka 60 au anayetumia prednisoloni.

Nguzo ya pili ni sukari yenyewe. Maambukizi huipandisha, na sukari iliyopanda huyalea maambukizi. Vidonge vilivyomtosha mgonjwa mwaka jana huenda visimtoshe sasa. Wengi watahitaji insulini walau kwa kipindi hiki, na naomba wazee wasiione insulini kama hukumu ya mwisho. Mara nyingi huondolewa mfupa ukipona. Aliyelazwa tunataka sukari yake ikae kati ya 7.8 na 10 kwa mizani ya milimoli. Mgonjwa ambaye taya inamzuia kula asiache insulini kwa fikra kwamba hajala. Apimwe mara kwa mara, dozi irekebishwe, na apewe chakula laini chenye lishe: uji wa ulezi wenye njugu, samaki aliyechambuliwa miiba, maharage yaliyopondwa, ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa.

Nguzo ya tatu ni sikio lenyewe kusafishwa. Kila siku chache, mkononi mwa mtu anayeona anachokifyonza, usaha na ngozi iliyokufa vitolewe. Upasuaji mkubwa hauna tena nafasi uliyokuwa nayo enzi za Chandler. Tunapasua kuchukua kipande cha nyama, kuondoa mfupa uliokwisha kufa, au kutoa jipu. Kumfukua mtu mfupa wenye damu haba ni kumfungulia maambukizi njia mpya.

Kisha kuna maumivu. Tumemwamini mgonjwa, sasa tumtulize. Diklofenaki, ambayo kila nyumba inayo, ni hatari kwa figo za mwenye kisukari, hasa ikitumiwa wiki baada ya wiki. Tuanze na parasetamoli kwa saa maalumu, isisubiriwe maumivu yapande, na ikishindwa tusiogope kuandika tramadoli au mofini kwa usimamizi. Mzee ambaye hajalala kwa wiki tano hawezi kufuata ratiba ya dawa, hawezi kula, na sukari yake haiwezi kutulia. Usiku mmoja wa usingizi ni sehemu ya tiba yake.

Hapa ndipo penye jaribu kubwa kuliko yote. Dawa ikifanya kazi, maumivu huanza kupungua ndani ya wiki moja hadi mbili. Mgonjwa anapata usingizi, anarudi barazani, anahesabu vidonge vilivyobaki na bei yake, anaacha. Ngozi imepona, mfupa bado. Maambukizi hurudi, na safari hii bakteria ameshaizoea dawa. Ninyi wana wa wagonjwa, mliokaa hapa mbele, kazi hii ni yenu: mtu mmoja katika familia ashike hesabu ya vidonge hadi wiki ya mwisho aliyoitaja daktari. Na sisi madaktari tuseme tangu siku ya kwanza kwamba ni miezi miwili, tueleze gharama, tutazame bima inalipia nini, ili familia ipange. Nimeona familia zikijikamua kulipia wiki mbili za mwanzo kwa dawa ghali zisizohitajika, zikakosa fedha za wiki sita zilizobaki. Tunaisimamisha dawa pale maumivu yamekwisha, kinyama kimetoweka, mfereji umekauka na ESR imeshuka ikatulia. Kimoja kikikosekana, tunaendelea.

Nije kwa wenzangu wa kliniki za kisukari. Miguu tunaitazama, na tumeokoa miguu mingi kwa kuitazama. Macho tunayapeleka kwa wataalamu kila mwaka. Sikio halimo kwenye kadi. Sidai kila mgonjwa aangaliwe masikio kila mwezi, kwani foleni mnaijua wenyewe. Naomba maswali mawili wakati wa kupima presha na uzito: sikio linauma? linakunyima usingizi? Atakayejibu ndiyo kwa la pili aonwe siku hiyo na mtu mwenye kifaa cha kutazamia sikio, na asiyekuwa na mtu huyo ampe rufaa kwenda penye daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili, KCMC, Bugando au hospitali yoyote ya rufaa iliyo karibu, akiandika kwenye barua kwamba anashuku maambukizi ya mfupa. Neno hilo likiwamo kwenye barua, foleni hufupika.

Nyumbani, vijiti vya pamba viondoke. Mafuta ya nazi ya moto na maji ya kitunguu saumu visimiminwe kwenye sikio linalouma. Wakati wa kuoga au kutawadha, anayetibiwa aweke kipande cha pamba kilichopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio, akitoe akimaliza. Kitambaa cha kufutia maji kiishie nje, kidole kisichimbe. Anayevaa kifaa cha kusikia akiache upande huo mpaka aruhusiwe.

Aliyemaliza dawa hajamaliza safari. Maambukizi haya yanaweza kurudi hata baada ya mwaka mzima, mara nyingi yakianza na maumivu kabla hakijaonekana chochote. Kwa hiyo arudi kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu hadi mwaka utimie, na kila mara apimwe ESR na sukari. Kwenye kadi yake ya kisukari yaandikwe sikio lipi liliugua, bakteria gani alioteshwa, dawa gani ilimponya na kwa wiki ngapi, kwa maandishi yanayosomeka, ili akiamka usiku na maumivu akiwa Tanga, Mombasa au Pemba kwa jamaa zake, daktari atakayempokea ajue pa kuanzia.